Mtakatifu Kolumbani Abate: Mtu wa Mfungo Aliyebariki Bia

Kila tarehe 23 Novemba Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kolumbani, abate na mmisionari kutoka Ireland, aliyefariki dunia mwaka 615 huko Bobbio, kaskazini mwa Italia. Wengi humfahamu kama mwalimu wa toba na mwanzilishi wa monasteri. Wasiojulikana sana ni wale ndugu zake wamonaki waliopika bia, na jinsi yeye mwenyewe alivyoitazama bia hiyo. Yona wa Bobbio, mmonaki aliyeandika maisha yake yapata miaka 25 baada ya kifo chake, anasimulia visa vitatu vya bia. Tukivisoma pamoja, vinatuonesha moyo wa mtakatifu huyu kuliko sifa nyingi alizopewa baadaye.

Kolumbani alizaliwa Leinster katikati ya karne ya 6. Alipoamua kuacha nyumba na kufuata wito, mama yake alilala kizingitini kumzuia, naye akaruka juu yake na kwenda zake. Msomaji mzazi atasikia uchungu hapo, na Yona haufichi. Alijiunga na monasteri ya Bangor chini ya abate Komgali, ambako sala, mfungo na kazi za mikono vilifuatwa kwa ukali mkubwa. Karibu mwaka 590, akiwa mtu mzima, aliondoka na wenzake 12 kwenda kwa Wafranki, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, akaanzisha monasteri tatu milimani Vosges: Annegray, Luxeuil na Fontaines. Siku za mwanzo zilikuwa za njaa. Ndugu walikula hata magome ya miti na majani.

Katika mazingira hayo, bia haikuwa anasa. Ilikuwa sehemu ya chakula, kama mkate. Shayiri au ngano ililowekwa hadi ikaota, ikakaushwa kuwa kimea, ikasagwa, ikapikwa kwa maji, kisha ikaachwa ichachuke. Akina mama wanaoandaa kimea cha ulezi kwa ajili ya mbege hawahitaji kuelezwa zaidi. Maua ya hopsi, yale yanayoipa bia ya leo uchungu wake, hayatajwi katika habari za Luxeuil. Yanakuja kuonekana mwaka 822 katika maagizo ya abate Adalhard wa Corbie, moja ya maandishi ya kale kabisa yanayohusisha hopsi na upishi wa bia. Na Corbie ilianzishwa na wamonaki waliotoka Luxeuil.

Kisa cha kwanza kilitokea Luxeuil. Mtunza ghala alikuwa akikinga bia kutoka katika pipa kujaza mtungi, mara akaambiwa kwamba abate anamwita. Aliondoka mbio, kizibo kikiwa bado mkononi mwake, bomba likiachwa wazi. Aliporudi akitegemea kukuta sakafu imelowa, alikuta bia imesimama juu ya mdomo wa mtungi, wala tone halikumwagika. Yona anaona humo nguvu ya utii. Mimi naona pia jambo la kawaida zaidi: mtu yule aliogopa kupoteza bia. Kanuni ya Kolumbani iliagiza kwamba mmonaki aliyeimwaga kwa uzembe anywe maji badala ya bia kwa muda wa kufidia kiasi alichopoteza. Chakula cha jumuiya kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa cha wote.

Cha pili ni cha Fontaines. Ndugu 60 walikuwa shambani wakivunja mabonge ya udongo kwa ajili ya kupanda. Abate alipoona wamechoka, aliomba waletewe chakula. Mhudumu alijibu kwamba ipo mikate miwili tu na bia kidogo sana. Kolumbani aliagiza viletwe, akaomba kwa Kristo, akabariki. Wote walikula na kunywa wakashiba, na kilichorudishwa kilikuwa kingi kuliko kilicholetwa. Tusisahau kwamba aliyefanya hivyo ndiye aliyeandika katika kanuni yake kwamba chakula cha wamonaki kiwe duni, kiliwe jioni, na kinywaji kisifikie ulevi.

Ukali wake ulimletea maadui. Alikataa kuwabariki watoto ambao mfalme Theuderic II aliwapata nje ya ndoa, jambo lililomkasirisha malkia Brunhild, bibi wa mfalme. Mwaka 610 alifukuzwa Luxeuil, na baada ya safari ndefu alifika Bregenz, kando ya ziwa Konstanz, katika Austria ya leo.

Huko ndiko kilikotokea kisa cha tatu. Aliwakuta watu wamekusanyika kuzunguka pipa kubwa la bia. Alipouliza, walimwambia ni sadaka kwa mungu wao Wodan. Kolumbani alilipulizia pipa lile, likapasuka kwa kishindo, bia ikamwagika yote. Baadhi ya waliokuwepo walibatizwa, na wengine waliokuwa wamebatizwa zamani wakairudia imani. Kinywaji kilikuwa kile kile alichokibariki Fontaines. Hakuilaani bia; alichokataa ni bia kutolewa kwa sanamu, na tukumbuke kwamba sanamu nyingine hazina jina wala madhabahu, ila zina watumishi waaminifu kila jioni.

Mwaka 612 alivuka milima ya Alpi kuingia Italia. Mfalme Agilulf wa Walombardi na malkia Teodolinda, aliyekuwa Mkatoliki, walimpokea Milano, ambako aliandika kupinga uzushi wa Waario. Alimwandikia pia Papa Bonifasi IV kuhusu migawanyiko ya Kanisa, kwa heshima lakini bila kuuma maneno. Kisha alipewa kanisa bovu la Mtakatifu Petro huko Bobbio, akalijenga upya pamoja na ndugu zake mwaka 614, licha ya uzee wake.

Italia ilikuwa nchi ya mvinyo. Ndiyo maana Yona, mzaliwa wa Susa, aliona lazima kuwaeleza wasomaji wake bia ni kitu gani na ni mataifa gani huinywa. Leo angestaajabu. Tangu mwaka 1996 viwanda vidogo vya bia vimeenea Italia. Wabenedikto wa Norcia walianza kuuza bia yao mwaka 2012, na Watrapisti wa Tre Fontane mjini Roma huitia yao majani ya mkaratusi.

Mmoja hakuvuka Alpi. Galo, mwanafunzi wake wa miaka mingi, aliugua Bregenz akaomba abaki. Kolumbani alidhani anakwepa taabu ya safari, akamruhusu, ila akamkataza kuadhimisha Misa maadamu yeye mwenyewe yu hai. Ni adhabu nzito, na sioni haja ya kuipamba. Galo alitii. Mahali alipojenga kibanda chake pakaja kuwa abasia ya St. Gallen, nchini Uswisi. Huko umehifadhiwa mchoro wa monasteri wa karne ya 9 unaoonesha vyumba vya kupikia bia vya wamonaki, vya wageni wakubwa na vya mahujaji maskini, kila kimoja pamoja na tanuri la mkate.

Kolumbani alipokaribia kufa, kadiri ya maisha ya Galo yalivyoandikwa, aliagiza bakora yake ya kiabate ipelekwe ng'ambo ya milima kwa mwanafunzi huyo, iwe ishara kwamba amesamehewa.