Gottfried Reiche, Mpiga Tarumbeta

Twamkumbuka Gottfried Reiche, aliyezaliwa Weissenfels, nchi ya Ujerumani, mwaka 1667. Mwaka 1688 alifika Leipzig, akawa mmoja wa wapiga tarumbeta wa mji. Walipiga hata juu mnarani, mji wote usikie. Kwa kazi hiyo mwaka 1696 alichapisha nyimbo 24 za sauti nne, alizozitunga mwenyewe. Sebastian Bach alipokuja mwaka 1723, Reiche alikuwa na miaka 56, naye ndiye aliyempigia sehemu zilizo ngumu. Tusisahau: tarumbeta ile haikuwa na vya kubonyeza, kila sauti ilitafutwa kwa midomo na pumzi tu.

Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1734 walimpigia mfalme katikati ya moshi wa mienge. Siku ya pili Reiche alianguka njiani karibu na nyumba yake, akafa. Watu walinena ya kuwa moshi ule na kupuliza kule ndivyo vilivyomwua.