Luis Alvarez: mtu wa antene yenye kugeuza mawimbi bila kuzunguka

Wakati wa vita ya pili ya dunia, marubani wengi walikufa wakiwa wamekwisha kufika nyumbani. Uwanja wa ndege ulikuwa chini yao, lakini ukungu uliufunika, na mafuta yalikuwa yanaisha. Wakaaji wa milima ya Kivu wanajua vile ukungu unaweza kufunga njia asubuhi. Mmoja wa watu waliopata dawa ya tatizo hilo ni Luis Alvarez, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco tarehe 13 Juni 1911. Baba yake alikuwa munganga, na babu yake pia, mwenye kutoka Hispania.

Alvarez alisoma fizike kwenye Universite ya Chicago mpaka akapata udaktari mwaka wa 1936. Kisha akaenda California, kwa Ernest Lawrence. Mwaka wa 1940 aliitwa kwenye maabara ya rada ya MIT, upande wa mashariki ya Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa rubani, na hiyo ilimsaidia sana kufikiri.

Wazo lake lilikuwa hivi: kama rada inaweza kuona ndege ya adui usiku, sababu gani isione ndege ya rafiki mu ukungu? Mtu akae chini, aangalie kioo cha rada, na amwambie rubani kwa redio ya kawaida: geuka kidogo kushoto, shuka, simama hapo. Ndege haikuhitaji chombo kingine chochote, paka redio tu.

Jaribio la kwanza lilishindwa, mwaka wa 1942. Rada ilikuwa inaona ndege mbili: ile ya kweli, na picha yake yenye kurudishwa na udongo, sawa vile mtu anajiona mu maji ya ziwa. Ndege ikiwa chini sana, rada ilichanganya hizo mbili. Kwa kushusha watu, kosa kama hilo ni kifo. Ilihitajika mwale mwembamba sana wa mawimbi, wenye kupita haraka juu na chini, kulia na kushoto.

Hapo ndipo antene yake ya vita, iliyoitwa Eagle, ilikuwa na maana. Sahani ya kawaida ya rada inazunguka yote nzima. Eagle ilikuwa na urefu wa karibu mita 5, imefungwa chini ya ndege sawa bawa dogo la pili, na haikuzunguka hata kidogo. Ndani yake kulikuwa bomba la chuma lenye pande nne. Mawimbi yanatembea ndani ya bomba, na njiani yanatoka kidogo kidogo kwa antene ndogo 250 zilizopangwa mustari mmoja. Kila moja inatoa yake ikichelewa kidogo kuliko ile ya mbele. Pale mawimbi yote yanapatana, ndipo mwale unaelekea. Ukibadilisha kule kuchelewa, mwale unageuka.

Alvarez alikubadilisha kwa njia ya fundi: mashini ilisogeza ukuta wa bomba, bomba likapanuka na kupunguka. Kuna njia ingine, yenye kupendwa na mainjeniere wa leo: unaacha bomba vile lilivyo, unapandisha ao kushusha frekanse, na mwale unageuka wenyewe. Mmarekani mwingine, William Hansen, alikuwa ameomba cheti cha uvumbuzi mwaka wa 1940 kwa bomba lenye ufa mrefu wa kuvujisha mawimbi. Bomba lenye ukuta wa kusogea ni zito na linachakaa, frekanse haichakai.

Kwa mtindo huo wa Eagle, rada ya kushusha ndege ikapona. Mwaka wa 1943 ilijaribiwa Uingereza na ikafaulu, na mwaka wa 1948 na 1949 ilishusha ndege za chakula Berlin, muji uliofungiwa njia.

Lakini Alvarez hakubaki kwenye kazi ya rada. Alikwenda Los Alamos kusaidia kutengeneza bombe atomike. Tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa ndani ya ndege iliyofuata ile yenye bombe, juu ya Hiroshima, akipima nguvu ya mlipuko. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bombe hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga. Wachimbaji wake hawakuambiwa inakwenda wapi. Njiani kurudi, Alvarez alimwandikia barua mwana wake Walter, aliyekuwa na miaka 4.

Zawadi ya Nobel alipewa mwaka wa 1968, kwa kazi ya chembe ndogo za atomu. Mwaka wa 1980, yeye na Walter, pamoja na wenzao wawili, walisema jiwe kubwa kutoka angani ndilo lililomaliza dinosari. Wengi walibisha. Alvarez alikufa tarehe 1 Septemba 1988. Miaka mitatu nyuma yake, wataalamu walitangaza kwamba shimo la jiwe hilo liko Mexico, kwenye Yucatán.