Beijerinck na Vinundu vya Maharage

Ng'oeni shina moja la maharage yanayochanua, iwe Gitega iwe Muyinga, mkaitazame mizizi yake. Mtaona vinundu kama punje za mtama. Kijidudu kinachovifanya kilitengwa kwanza na Mholanzi, jina lake Martinus Beijerinck.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alifanya biashara ya tumbaku, ikamvunjikia, hata mtoto akakua katika shida. Akajikaza kusoma, na mwaka 1877 akapata udaktari huko Leiden. Tabia yake, kusema kweli, haikupendeza: alikuwa mkali mno kwa wanafunzi (sisi tunaonung'unikia walimu wetu hatujaona kitu!), wala hakuoa kamwe.

Mwaka 1885 aliajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft. Mwaka uliofuata Mjerumani Hellriegel alieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vya udongoni. Lakini vijidudu gani? Mwaka 1888 Beijerinck akavitoa vinunduni, akavilea peke yake katika chombo.

Siku hizi mapatano yao yajulikana zaidi. Mzizi hutoa kemikali ya kuviita vijidudu; navyo hujibu kwa kemikali yao, ndipo unywele wa mzizi hujikunja na kuvipokea. Mmea hutoa sukari, vijidudu hulipa naitrojeni. Tena katika soya imeonekana kwamba kinundu kisicholipa hupunguziwa hewa, na wavivu waliomo huzaa kidogo. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, kila mmoja humchagua na kumgeuza mwenziwe.

Maharage yetu yana asili ya Amerika. Hayachagui sana wenzi, basi hupata hata walio dhaifu. Na penye udongo mchachu, wenye fosforasi kidogo, kama ulivyo katika milima yetu mingi, vinundu huwa haba. Kipasue kimoja: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani, shamba halipati kitu. Kwa mtu mwenye kishamba kidogo cha kulishia watoto, hilo si jambo dogo.

Beijerinck alikuwa profesa wa Delft tangu 1895 hata 1921. Mwaka 1898 aliirudia tumbaku, ile iliyomfilisi baba yake, akaeleza kwamba ugonjwa wa majani yake waletwa na kitu kidogo kuliko bakteria yoyote, akakiita virusi. Alifariki Gorssel tarehe 1 Januari 1931.