Ota Benga: Mkongo aliyenunuliwa kwa chumvi na kitambaa, akaoneshwa Marekani

Maonesho ya Dunia ya St. Louis, Marekani, yalifunguliwa Aprili 30, 1904. Watu walimiminika kuona taa za umeme, magari na mashine mpya. Kumbe kulikuwa na kivutio kingine: binadamu.

Waandaaji walileta Wafilipino zaidi ya 1,000, wakamweka na Geronimo, kiongozi wa Waapache aliyekuwa bado mfungwa wa vita. Kutoka Kongo kililetwa kikundi kidogo, na ndani yake alikuwemo Ota Benga.

Alikuwa Mmbuti, mfupi wa kimo, meno yake yamechongwa yakawa na ncha kali kwa desturi ya kwao. Mkewe na watoto wake wawili waliuawa na askari wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, naye akaishia mikononi mwa wauza watumwa. Samuel Verner, Mmarekani aliyetumwa na waandaaji kutafuta watu wafupi, alimnunua kwa ratili moja ya chumvi na jora la kitambaa. Basi, bei ya mtu ikawa hiyo.

Lakini jamaa hakuwa mjinga. Pale St. Louis, ukitaka kuona meno yake, ulitoa kwanza senti 5.

Maonesho yalifungwa Desemba 1. Verner alimrudisha Kongo kweli, ila familia ndiyo haikuwepo tena. Akaoa upya, mke huyo naye akafa kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 1906 akaondoka tena na Verner.

Safari hii mambo yalikuwa mabaya zaidi. Septemba mwaka huo, bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilimweka kwenye banda la nyani, pamoja na orangutani. Siku moja tu walifika watu kama 40,000, wengine wakimzomea.

Wachungaji weusi wakiongozwa na James Gordon walikuja juu hadi akatolewa. Gordon akampokea kwenye kituo chake cha yatima.

Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, Virginia. Meno yakafunikwa, akasoma kidogo, akafanya kazi kiwanda cha tumbaku. Alitamani kurudi kwao, lakini vita vya 1914 vilivuruga safari za meli.

Machi 20, 1916, aling'oa vifuniko vya meno, akawasha moto, kisha akajiua.

Taasisi inayosimamia bustani ya Bronx iliomba radhi mwaka 2020.