Tumkumbuke Benson Masya, mwana wa Kitui

Wahenga walinena kuwa aliye juu mngoje chini. Aghalabu methali hii huitumia mtu mwenye kijicho, anayesubiri kwa hamu jirani yake aanguke ili apate la kusema. Lakini je, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza yule anayengojwa huko chini hungojwa na nini? Swali hilo hunijia kila nimkumbukapo Benson Masya, kijana wa Kitui aliyepanda, akashuka, akapanda tena, kisha akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 33 tu.

Masya alizaliwa tarehe 14 Mei 1970. Kitui aliyozaliwa si nchi ya milima yenye baridi ambayo wataalamu wa riadha hupenda kuitaja wanapoeleza siri ya wakimbiaji wa Kenya. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kitui uko takriban nusu ya kimo hicho. Huku ni kwenye jua kali na mvua ya kubahatisha, mahali ambapo mto ukikauka watu huchimba mchanga kutafuta maji, na punda huyabeba mwendo mrefu hadi nyumbani. Ukivuka mto Athi kuelekea magharibi, waingia Makueni, na hali ni iyo hiyo. Asiyejua angesema kwamba bingwa wa mbio ndefu hawezi kutoka katika ardhi kama hii.

Wala Masya hakuanza na mbio. Alianza na ndondi, naye alikuwa bondia wa uzani wa chini kabla hajazivua glavu. Huenda ulingoni ndimo alimojifunza kustahimili maumivu bila kuyaonyesha usoni. Alipohamia barabarani alikuwa bado kijana mbichi, na hakukawia kujulikana.

Mwaka 1991, akiwa na miaka 21, alishinda mbio za Great North Run nchini Uingereza, zinazoanzia Newcastle na kumalizikia South Shields kando ya bahari. Desemba mwaka uo huo alishinda marathon ya Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Mbio hizo huanza saa kumi na moja alfajiri ili kulikwepa joto, lakini joto huwafuata wakimbiaji papo hapo. Mkenya mwenzake, Ibrahim Hussein, alikuwa amekwisha kushinda huko mara 3 mfululizo, kuanzia 1985 hadi 1987. Sasa ilikuwa zamu ya mtu aliyekulia juani.

Ikafika tarehe 20 Septemba 1992. Siku hiyo shirikisho la riadha la dunia liliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa nusu marathon, na barabara iliyochaguliwa ni ile ile ya Newcastle. Masya alimaliza kwa saa 1, sekunde 24, akimwacha Antonio Silio wa Argentina nafasi ya pili na jirani yetu Boay Akonay wa Tanzania nafasi ya tatu. Hivyo basi, bingwa wa kwanza kabisa wa dunia katika nusu marathon ni mtoto wa Kitui. Wengi waliitwaa taji hilo baadaye, akiwamo Moses Tanui mwaka 1995, na Paul Tergat mwaka 1999 na 2000. Lakini aliyefungua mlango ni mmoja.

Desemba hiyo alirudi Honolulu akashinda tena. Mwaka huo ndio Makueni ilipotengwa na Machakos ikawa wilaya kamili. Ukambani ilikuwa na wilaya mpya na bingwa mpya.

Hapa ndipo mawimbi yalipoanza. Mwaka 1993 Tanui alimpokonya ushindi wa Great North Run, na Honolulu ikaenda kwa Lee Bong-ju wa Korea Kusini. Waliozoea kungoja chini wakadhani wamempata. Mwaka 1994 Masya akarejea kwa kishindo, akashinda Great North Run kwa saa 1 na sekunde 2. Sekunde 3 tu zaidi zingemwingiza katika kundi dogo la watu waliokuwa wamekimbia masafa hayo chini ya saa moja. Desemba akaichukua Honolulu kwa mara ya tatu. Mwaka 1995 Tanui akampiku tena Uingereza, na Josiah Thugwane wa Afrika Kusini akatawazwa Honolulu. Mwaka 1996 Masya akaibuka na kushinda Great North Run mara ya 4. Alikuwa na miaka 26. Huo ukawa ushindi wake mkubwa wa mwisho.

Tafakari jambo moja. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, marathon ilishindwa na Thugwane, naye Lee akawa wa pili, nyuma yake kwa sekunde 3. Hao wawili ndio waliochukua Honolulu katika miaka ambayo Masya hakushinda. Yaani kijana wetu alikuwa akipokezana ushindi na watu ambao dunia nzima iliwaimba baadaye. Wao wana medali za Olimpiki za kukumbukwa nazo. Yeye hana, na kwa sababu hiyo jina lake limefifia upesi.

Mbio za barabarani ni kazi isiyo na kiinua mgongo. Mkimbiaji hulipwa akishinda, na hualikwa kwa sababu alishinda. Miguu ikichoka, mialiko hukoma, na wakala huanza kumpigia simu kijana mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Masya alishinda mara ya mwisho akiwa na miaka 26. Ni nani kati yetu angejua, katika umri huo, namna ya kuyapanga maisha yote yaliyosalia kwa mapato ya miaka 5?

Benson Masya alifariki tarehe 24 Septemba 2003, baada ya kuugua. Ilikuwa imepita miaka 11 na siku 4 tangu alipoutwaa ubingwa wa dunia. Siku 4 baada ya kifo chake, Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathon mjini Berlin, saa 2, dakika 4 na sekunde 55, na Kenya nzima ikalipuka kwa shangwe. Sina kinyongo na shangwe hiyo, kwani Tergat aliistahili. Nasikitika tu kwamba katika juma lile lile hatukupata sauti ya kutosha kumlilia mtu aliyemtangulia katika taji la nusu marathon.

Ukambani haikukauka baada yake. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara 3 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 1995. Tarehe 25 Septemba 2011, Patrick Makau naye aliweka rekodi ya dunia huko Berlin. Na hata leo, asubuhi, utawaona vijana wa kike na wa kiume wakikimbia katika barabara za vumbi za Kitui na Makueni.

Kwa vijana hao nina ombi. Serikali za kaunti zisiwajengee viwanja pekee. Ziwafunze kuweka akiba wakingali wanashinda, ziwasaidie kupata bima ya matibabu na ujuzi wa kazi nyingine, na kiwanja kimojawapo kiitwe kwa jina la Masya, ili mtoto aulize huyu alikuwa nani na ajibiwe.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila bingwa hurudi nyumbani siku moja. Basi aliye juu na tumngoje chini, lakini tumngoje tukiwa tumemtandikia mkeka.