Louis Pasteur: mtaalamu aliyepima hata ulimi wa waonja divai

Wengi wetu tunamjua Louis Pasteur juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mwaka 1885. Lakini miaka 20 kabla ya hapo, kazi yake ilikuwa ndani ya chupa za divai.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi. Alikomalia Arbois, fasi ya mashamba ya mizabibu.

Mwaka 1863, mfalme Napoleon III alimuomba achunguze sababu gani divai ya Ufaransa inaharibika. Ilikuwa hasara kubwa kwa wakulima na wachuuzi, sababu divai zingine zilifika ng'ambo zikiwa kali kama siki. Hata zile nyekundu za Bourgogne, za zabibu ya pinot na za bei kubwa, zilikuwa na ugonjwa wao: uchungu. Mtu anatunza chupa miaka na miaka, siku ya kuifungua harufu imepotea na ulimini ni uchungu mtupu.

Pasteur akaitazama divai hiyo kwa mikroskopu, akakuta vijidudu. Dawa yake ilikuwa rahisi: kuipasha moto wa digri 50 hadi 60 ndani ya chupa iliyofungwa, kusudi vijidudu vife.

Hapo mabishano yakaanza. Wachuuzi waliogopa kama moto utaua utamu. Basi Pasteur akaita waonjaji wa kazi, akawapa glasi mbili: divai iliyopita kwenye moto na ile isiyopita. Wakaona tofauti ndogo sana. Yeye akashuku kwamba hata hiyo inatoka kichwani mwao. Siku nyingine akawapa, bila kuwaambia, glasi mbili za divai ileile moja. Bado wakaona tofauti!

Meli Jean Bart ilibeba lita 500, nusu imepashwa moto, nusu hapana. Kisha miezi 10 baharini, ile ya moto ilikuwa bado nzuri. Ingine ilianza kuwa kali.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Leo divai kubwa za Bourgogne mara nyingi hazipashwi moto. Lakini maziwa ya kiwandani tunayokunywa asubuhi yanapitia njia hiyo yake, na bado inaitwa kwa jina lake.