Munganga Livingstone na Kinini Chake cha Homa

Katika namba hii tunataka kuwaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake mnalijua tangu shule ya msingi: David Livingstone. Vitabu vyetu vya historia vinamtaja kama msafiri aliyeona maporomoko na maziwa, na kanisani wanamtaja kama mhubiri. Sisi tumechagua kumfuata kwa upande mwingine, upande wa sanduku lake la dawa. Alikuwa munganga kabla ya kuwa msafiri, na shida aliyopigana nayo haijaisha hata leo: namna gani dawa isiyopenda maji itafika katika damu ya mgonjwa.

Jambo hili lina mizizi hapa kwetu. Wengi katika mji huu wa Bukavu huita kila kidonge kinini, hata kama ni cha kichwa ao cha tumbo, na jirani zetu wa Rwanda wanasema ikinini. Jina lilitoka kwa dawa moja, kinini ya malaria, na dawa hiyo inatoka katika magome ya mti uliopandwa kwa wingi katika vilima vya Kivu. Kiwanda cha Pharmakina hapa Bukavu kimefanya kazi ya magome hayo kwa miaka mingi. Basi tuanze.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika Blantyre, nchi ya Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa na miaka 10 alitiwa kazi katika kiwanda cha pamba. Alifanya kazi tangu asubuhi mapema mpaka usiku, na baada ya hapo akaenda shule ya jioni. Mwaka 1836 alianza masomo ya uganga huko Glasgow, akapata ruhusa ya kuponya watu mwaka 1840. Mwisho wa mwaka huo alipanda meli kwenda Afrika ya Kusini, ametumwa na shirika la misioni la London. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti ya mmisionari aliyekaa Kuruman. Mambo ya simba aliyemvunja mkono mnayajua, tunayapita.

Sasa kuhusu kinini. Mwaka 1820, Livingstone akiwa bado mtoto wa miaka 7, wataalamu wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa ile nguvu ya dawa katika magome, ikawa unga mweupe mchungu sana. Zamani watu walisaga gome zima na kulinywa na divai, na hakuna aliyejua kama amekunywa dawa nyingi ao kidogo. Kwa unga huo waliweza kupima. Lakini unga ulikuwa na tabia moja mbaya. Wenzetu wa sehemu ya shimi, yaani kemia, wanaweza kuhesabu: gramu 1 ya kinini tupu inataka karibu litri 2 za maji baridi ili iyeyuke yote. Ukiifanya kuwa chumvi ya sulfati, gramu hiyo inataka karibu mililitri 800. Ukiifanya chumvi ya kloridi, inatosha kiasi cha kijiko kikubwa kimoja cha maji. Kuna chumvi ingine, ile yenye asidi ya kloridi mara mbili, ambayo haitaki hata mililitri 1, na ndiyo iliyotumiwa baadaye kwa sindano na seromu. Dawa ni ileile, mgonjwa ni yuleyule. Kinachobadilika ni nguo tu ambayo dawa imevaa.

Wakati wa Livingstone iliyopatikana sana ilikuwa sulfati. Kwenye maji inabaki inaelea kama unga, na uchungu wake unageuza tumbo. Inapenda pombe na asidi kuliko maji. Ndiyo maana Wazungu waliokuwa katika meli waliinywa na divai. Asidi iliyo ndani ya tumbo letu nayo inasaidia kuiyeyusha, mradi dawa ifike huko na ikae.

Mwaka 1850 Livingstone alisafiri na mke wake na watoto mpaka ziwa Ngami, katika nchi ya Botswana ya leo. Watoto walishikwa na homa. Hapo ndipo alipojaribu kwa mara ya kwanza mchanganyiko wake, juu ya watoto wake mwenyewe, na walipona. Tangu siku hiyo hakuuacha. Katika safari kubwa ya 1853 mpaka 1856, alipovuka Afrika tangu Linyanti mpaka Luanda na kurudi mpaka Quelimane kwenye bahari ingine, alishikwa na homa mara nyingi sana, na Wakololo waliomsindikiza wakashikwa pia.

Mchanganyiko ulikuwa hivi. Alichukua utomvu wa mzizi wa jalapa na unga wa rubarbi, kila kimoja kati ya miligramu 400 na 500 kwa vipimo vyetu. Aliongeza kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, na kinini, kila kimoja karibu miligramu 200. Vyote alivikanda pamoja na iliki iliyolowekwa katika pombe kali, akakata vidonge vinne. Vinne ni dozi ya mwanaume mzima. Tuangalie vizuri: utomvu wa jalapa hauyeyuki katika maji, kalomeli haiyeyuki, kinini inayeyuka kwa shida. Kile kidogo cha pombe ya iliki kililainisha utomvu ukawa kama gundi, ukashika unga wote. Kidonge kama hicho hakimwagiki, hakitaki chupa, na uchungu wake unapita koo bila kuonjwa sana. Kwa mtu anayetembea miguu katika mvua, tunaona ilikuwa akili nzuri.

Saa tano ao sita baada ya kumeza, mgonjwa aliharisha, akatoka jasho, na kichwa kikapungua. Kisha Livingstone alimpa kinini peke yake, nyingi, kila saa mbili ao tatu, mpaka masikio yaanze kuvuma. Kule kuvuma kulikuwa alama yake kwamba dawa imeingia katika damu. Watu wake waliviita vidonge hivyo kwa jina la Kiingereza lenye maana ya viamshaji, sababu viliwaamsha hata waliokuwa wamelala chini kama maiti.

Lazima tuseme pia alipokosea. Wakati ule watu waliamini homa inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa na inachafua nyongo, basi lazima tumbo lisafishwe. Livingstone aliamini hivyo. Vimelea vya malaria vilionwa mwaka 1880 na Laveran, Mfaransa aliyekuwa Algeria, na Ross alionyesha kazi ya mbu mwaka 1897 huko India. Leo tunajua kwamba kuharisha mtu mwenye homa ni kumwibia maji anayoyahitaji, na kwamba zebaki ni sumu. Kilichoponya kilikuwa kinini, zaidi ile nyingi iliyofuata. Lakini tusimcheke haraka. Waganga wengi wa wakati wake walimtoa mgonjwa damu, ao walingoja homa ipoe kwanza ndipo watoe kinini. Yeye alitoa mara moja.

Mwaka 1858 alirudi na watu wa serikali ya Uingereza kupima mto Zambezi. Kati yao alikuwa munganga John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi Zanzibar. Mwanzoni kila Mzungu wa safari alikunywa kinini kidogo kila siku katika divai ya sherry, karibu miligramu 130, ili kujikinga. Homa iliwashika vilevile, wakaacha. Kumbe miaka michache mbele, 1854, munganga Baikie alipandisha meli katika mto Niger huko Afrika ya Magharibi, akawapa watu wake kinini kila siku, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyekufa. Sisi tunafikiri kipimo cha Zambezi kilikuwa kidogo mno.

Mambo mawili ya miaka ile yanaumiza kusoma. La kwanza ni la Linyanti. Mwaka 1860 shirika la London lilikuwa limetuma wamisionari kwa Wakololo, familia ya Helmore na familia ya Price. Homa iliwaangusha mmoja baada ya mwingine: Helmore, mke wake, watoto. Wengi wao walikufa. Livingstone alipofika huko mwaka uleule, alikuta gari lake la ng'ombe alilolichia hapo tangu 1853, na ndani yake dawa zake zikiwa salama. Makaburi yalikuwa umbali wa hatua mia chache tu. Wale watu hawakujua kama dawa zipo, wala namna ya kuzichanganya.

La pili lilimpata nyumbani mwake. Mary alimfuata Zambezi mwanzo wa 1862. Mwezi wa nne alishikwa na homa huko Shupanga. Mume wake alikuwa hapo, Kirk alikuwa hapo, kinini ilikuwa hapo. Lakini Mary alitapika bila kuacha, na kila dawa waliyompa ilitoka papo hapo. Alikufa tarehe 27 Aprili 1862, wakamzika chini ya mbuyu. Mwenye kubuni kidonge alishindwa kumponya mke wake, juu kidonge kinahitaji tumbo linalokubali.

Hapo turuke kidogo mpaka wakati wetu, maana ndugu zetu wadogo wengi wamefika hospitali wakitapika namna hiyo. Dawa ya Wachina, artemisinini, iliyotolewa katika majani mwaka 1972, ina tabia mbaya kupita kinini: haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Wataalamu wakaibadilisha kidogo, wakapata artesuneti. Huo ni unga unaokaa mkavu katika kichupa, na munganga anauyeyusha na maji ya bikaboneti saa ileile ya kupiga sindano. Mwaka 2010 yalitangazwa majaribio juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwa moja. Kati ya waliotibiwa na kinini walikufa karibu 11 kwa 100, na kati ya waliopata artesuneti 8 na nusu. Kuna pia artesuneti inayoingizwa kwa njia ya nyuma, kwa mtoto mdogo anayetapika na ambaye hospitali iko mbali. Na wale wanaopewa vidonge vyenye lumefantrini, wasivinywe na maji matupu. Dawa hiyo inapenda mafuta, basi ule chakula ao unywe maziwa kwanza.

Turudi. Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha Nile. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi ya Zambia ya leo, wapagazi wawili walitoroka msituni. Asubuhi ile mmoja wao alikuwa amebadilishana mzigo na Baraka, kijana mwangalifu aliyebeba sanduku la dawa kila siku. Dawa zote zikaenda. Waliwafuata, lakini mvua kubwa ilifuta nyayo. Miezi michache baadaye alifika ziwa Tanganyika upande wa kusini akiwa mgonjwa sana, bila hata kidonge kimoja cha vile alivyovibuni. Alipofika Ujiji mwaka 1869, dawa alizotumiwa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, mbali.

Akavuka kuingia Kongo, nchi ya Maniema. Vidonda vya miguu vilimfunga Kabambare siku nyingi. Nyangwe aliona kwa macho yake wafanyabiashara ya watumwa wakiua watu sokoni, tarehe 15 Julai 1871. Alirudi Ujiji amedhoofika, na hapo Stanley alimkuta na chakula na dawa. Mwisho wa mwaka huo wawili hao walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa kuona Ruzizi, mto wetu unaotoka ziwa Kivu hapa Bukavu. Walitaka kujua kama unatoka Tanganyika kwenda Nile. Walikuta maji yanaingia ziwani. Hawakupanda mpaka huku kwetu.

Livingstone alikufa mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia. Alikuwa ametokwa damu tumboni siku nyingi, na kwa ugonjwa huo kinini haina kazi. Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake pale, wakakausha mwili na kuubeba mpaka pwani. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Vidonge vyake viliendelea bila yeye. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilivitengeneza kwa mashine na kuviuza kwa jina la Livingstone. Mwaka 1887 Stanley alipopita msitu wa Ituri alibeba masanduku ya dawa ya kampuni hiyohiyo. Zebaki iliendelea kuwa ndani, sababu kitabu cha mwenyewe kilisema hivyo.